Kitufe cha Kushoto

Mimi si mtu wa kutulia. Hata mchezo wa simu sichezi nimekaa. Nasimama nyuma ya meza ya duka, mguu mmoja juu ya katoni, na mteja akiuliza bei ya chaja namjibu bila kuinua macho. Duka ni la bidhaa za kutoka Mtwara, makava ya simu, betri na tochi, na liko Palma, kaskazini mwa Msumbiji, kwenye njia ya kuteremkia ufukweni. Baada ya alasiri benchi la nje hujaa watu wazima wenye wake na watoto wao, na kazi yao saa hiyo ni kubishania michezo ya video.

Tunabishana kweli, si mchezo. Kwa nini adui wa mwisho awe mwepesi kuliko wa kwanza? Kwa nini mchezo uliokuwa mtamu kwenye kompyuta ukihamishiwa kwenye simu unageuka takataka? Wasiofika benchini wapo kwenye kundi la simu: wa Quiterajo, wa Mtwara, na mmoja wa Nhica ambaye hupanda kichuguu kutafuta mtandao ili tu aniambie sijui kitu. Mhakiki wao ni mimi. Hutuma uhakiki kwa sauti, dakika mbili au tatu, na kwenye kutoa nyota nina mkono wa birika. Kanuni yangu kuu wameikariri wote: mchezo usimshike mchezaji shati. Mtu amekuja kucheza, mwache acheze.

Mdogo wangu ni mashoto. Nasema ni, sisemi alikuwa, kwa sababu nyumbani kwetu hakuna anayesema alikuwa. Mwaka mji uliposhambuliwa tukakimbia, mimi na mama tulipata nafasi kwenye mashua, yeye akatoka kwa miguu kuelekea Nhica na mto Rovuma, mpakani. Sisi tumerudi, yeye bado. Mama hataki kusikia habari ya hitima. Anasema hitima husomewa maiti, na yeye hajaonyeshwa maiti.

Udogoni mama alimpiga sana mkono ule wa kushoto kwenye sinia, mpaka akajifunza kula kwa kulia. Lakini kwenye simu hakuna sinia, na humo mkono wake ulifanya utakavyo. Tulikuwa na simu moja sote wawili. Mimi nilipenda kutazama hadithi ya mwanzo, nani kamuudhi nani, ufalme ulipotea vipi. Yeye kabla sijamaliza mstari mmoja keshabonyeza, hadithi imerukwa, tumo vitani. Tuligombana mpaka mama akaificha simu ndani ya pipa la mchele.

Sasa nije kwenye mchezo wetu wenyewe. Aliyeutengeneza ni mtumishi wa serikali kutoka kusini, aliyeletwa kwetu kwa transferência, yaani uhamisho wa kikazi, mtu wa ramani za viwanja, mpole kupita kiasi. Jioni alikuwa akiunda kwenye kompyuta yake mchezo wa kuvusha mizigo kwa mtumbwi katika Rovuma. Mafungu ya mchanga yanahama kila unapoanza upya, viboko wanaibuka pasipotarajiwa, na ukizidisha magunia unazama. Benchi zima lilichanganyikiwa kwa raha. Siku ya kwanza tuligombania viboko, wana haki ya kuibuka bila dalili au hawana, mpaka muadhini wa magharibi akatunyamazisha. Tukaanza kumsumbua autie kwenye simu, maana kompyuta wenye nayo ni wachache.

Akasema kuuhamisha si kunakili tu. Kwenye simu kidole kinafunika mtumbwi, herufi zinakuwa ndogo, na itabidi ajaribu kwenye simu za kila aina, ambazo hana. Tukamwambia hilo halina shida, tutachanga. Akauliza wanaochanga watapewa nini, kwa sababu alisoma kwamba wapenzi wa michezo huko duniani hupewa fulana.

Nikamjibu haraka, kama kawaida yangu. "Chefe, fulana za nini? Huku mtu akichangia harusi jina lake linasomwa kabla ya chakula. Tusomee majina."

"Mwanzoni mwa mchezo?"

"Mwanzoni. Na mtu asiweze kuruka. Kwetu huondoki daftari la michango likisomwa."

"Mano, wachezaji hawatachoka?" Mimi humwita chefe, mkubwa, naye huniita mano, kaka.

Nikamwapia kwamba hawatachoka. Mtu wa kusini angejuaje? Alituamini, akamleta jirani yetu, mama anayesoma madaftari ya harusi mtaa mzima, akarekodi sauti yake: jina, mji, ahsante, jina, mji, ahsante. Kwa mpangilio wa waliotoa, kama daftari linavyotaka. Wa kwanza kutoa nilikuwa mimi. Na kabla wa pili hajafika nilitoa tena, kwa jina la mdogo wangu, mji Palma.

Sikumwambia mtu sababu. Nilitaka tu asomwe mahali. Si kwenye orodha ya waliopotea, wala kwenye dua. Asomwe katikati ya watu wanaobishana juu ya viboko.

Mchezo ukatoka, ukapendwa kwa wiki moja. Kisha malalamiko yakaanza. Daftari lilichukua dakika nne na ushee, na kila ukiufungua mchezo linaanza upya. Watu wa mbali wasiotujua wakatupa nyota moja moja. Mmoja aliandika kwamba anafungua mchezo, anakwenda kuteka maji, anarudi majina bado yanasomwa. Kundini wakaanza kudai kitufe cha kuruka. Wale wale waliochanga, ambao majina ni yao.

Nikawaka. Nikawaita wasio na adabu, nikasema mnakula pilau halafu mnamtukana mpishi. Wa Nhica akapanda kichuguu chake akajibu kwa upole ulioniuma kuliko tusi: "Kaka, si wewe uliyetufundisha mchezo usimshike mchezaji shati? Huu umetushika shati na suruali." Benchi likacheka siku mbili. Mtengenezaji akaja dukani, akasimama mlangoni na kofia mkononi, akauliza kama aweke kitufe. Nilimwambia akikiweka amevunja mila. Aliondoka akiwa ameniamini tena, na nilijichukia.

Usingizi ukawa haba. Nilikuwa nazunguka uani asubuhi nzima nikitafuta hoja mpya ya kuwapiga nayo. Asubuhi moja nilikuwa hivyo hivyo, naenda narudi na simu mkononi, nimeufungua mchezo kuhesabu dakika, na mama amekaa kwenye mkeka anamenya muhogo. Nilisahau kuzima sauti. Nikasikia jina langu, Palma, ahsante. Kisha la mdogo wangu, Palma, ahsante.

Kisu cha mama kikasimama.

"Amechanga lini?" akauliza.

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa. Kwa mama, kama kwa mtu yeyote wa kwetu, anayesomwa kwenye daftari ni mtu aliyetoa. Ametoa kwa mkono wake, yuko mahali, ana kitu mfukoni, amewakumbuka watu wake. Uso wake ulikuwa umefunguka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu turudi. Na aliyemfanyia hivyo ni mimi.

"Yuko wapi, mwanangu? Katuma kupitia nani?"

Nikakaa chini. Mimi nisiyekaa, nikakaa juu ya maganda ya muhogo.

"Nimemtolea mimi, mama."

"Hakutuma mwenyewe."

"Hakutuma."

Majina yaliendelea kusomwa, ahsante, ahsante, na kwa kuchanganyikiwa sikukumbuka namna ya kuyakatisha ila kuizima simu yote. Nikaizima. Mama akarudi kwenye muhogo wake. Alimenya mmoja akaumaliza, akachukua wa pili. Nilitamani anipige.

Baadaye akauliza, bila kunitazama, "Na hao wenzako mnagombana nini kila siku?"

Nikamweleza. Majina ni marefu, watu wanataka mahali pa kubonyeza wayapite wakacheze, na mimi nimekataa.

"Umekataa kwa sababu yake?"

"Ndiyo."

"Yeye?" Sauti yake ilitaka kucheka, ikashindwa. "Yule ungemkalisha asikilize majina ya watu? Khutba yenyewe alikuwa haisikilizi. Angekuwa keshafinya zamani. Tena kwa ule mkono wake."

Ni kweli, na kulikuwa na jambo sikuwahi kulisema kundini. Ile kanuni yangu ya shati si yangu. Ni maneno yake, aliyonirushia siku tuliyogombania simu ikafichwa kwenye mchele: kaka, usinishike shati, nimekuja kucheza. Nimeila sifa yake miaka yote hii.

Mchana nikampigia mtengenezaji. Wakati huo alikuwa anafunga mizigo, transferência nyingine imemfika. Nikamwambia aweke kitufe cha kuruka, upande wa kushoto, chini kabisa, pale kidole gumba cha kushoto kinapolala.

"Wachezaji wengi ni wa kulia, mano. Huo ni mpangilio mbaya. Wewe mwenyewe ungeninyima nyota."

"Ninyime mimi, chefe. Weka kushoto."

Akasema sawa. Hakuuliza, na mpaka leo namshukuru kwa hilo.

Toleo jipya lilipotoka, kundi liliwaka moto upya. Kwa nini kushoto? Mtu wa Mtwara alituma ujumbe mrefu mara tatu pamoja na mchoro wa kiganja, akithibitisha kwamba kitufe kimewekwa na mtu asiyejua kazi. Kila alichosema ni sahihi. Wakaomba uhakiki wangu, sikuutuma, wakadhani nimesusa.

Mama hakutaja tena daftari. Mimi naucheza kila siku, nimesimama, na kila nikiufungua najaribu kuruka kwa gumba la kushoto. Ni zito, halijazoea. Mara nyingi nakikosa kitufe, na kabla sijajaribu tena jina lake limeshasomwa.