Mkono wa Bibi Harusi wa Moto

Jumapili ile sinema ilipokuja Ifakara, mimi nilikuwa na furaha mbili kifuani. Ya kwanza ni sinema yenyewe, maana nilikuwa sijawahi kuiona. Ya pili ni mchumba wangu. Alikuwa anavuka mto kutoka Lupiro pamoja na mjomba wake, na kesho yake wazee wangekaa kwetu kupanga siku ya ndoa. Nilikwisha kuiwaza nyumba yetu mpaka mapazia yake. Hata watoto nilikwisha kuwapa majina, na mmoja wao nilikwisha kumchapa kwa utundu.

Sinema ilioneshwa mchana, ndani ya ghala la mpunga la mfanyabiashara mmoja. Madirisha yalizibwa kwa magunia, na katikati ya ghala kikatundikwa kitambaa cheupe. Sisi wa Ifakara tuliwahi, tukakaa upande wa mashine. Watu wa Lupiro walicheleweshwa na kivuko. Walipofika, upande wetu umejaa, wakapitishwa nyuma ya kitambaa. Hakuna aliyelalamika. Kitambaa kilikuwa chepesi, picha ilipenya, nao waliona wanachokiona wenzao.

Lugha ya sinema hatukuijua. Mfasiri, kijana mwenye sauti ya mnadani, alisimama kando akatueleza. Ilikuwa habari ya watu wa ajabu wa mlimani, waliovaa majoho marefu na kuabudu moto. Binti mmoja alikuwa ametolewa awe bibi harusi wa moto tangu utoto, hana ruhusa ya kupenda mtu. Akaja kijana mgeni, akampenda. Basi ikawa damu tu. Kijana alimnyonga mlinzi wa kwanza kwa mnyororo mpaka ulimi ukatoka. Wa pili alimsukuma motoni, tukamwona anavyojirusharusha kama kambare kwenye kikaango. Na yule binti anatazama, anatabasamu! Mama mmoja nyuma yangu akaanza kusali rozari kwa sauti.

"Kimya mama, tunataka kusikia anavyokufa!" akapigiwa kelele.

Mwisho wakafunga ndoa mbele ya moto. Bibi harusi akampa mumewe kikombe. "Togwa ya kwao hiyo!" akasema mfasiri, watu wakacheka. Kijana akanywa yote. Alipoinua kichwa, mke akamchoma kisu cha shingo. Damu ikaruka ikamwagikia nguo ya harusi, ikaonekana nyeusi kama lami. Kisha mke akajilaza juu ya maiti akalia. Nami nililia mpaka kamasi.

Tulipotoka nje, macho yanauma kwa jua, mabishano yakaanza pale pale mlangoni.

"Yule alimpenda," akasema kaka yangu. "Si mmesikia wale wa mlimani walitaka kumchoma akiwa hai? Mke kamuua upesi asiteseke."

"Mapenzi gani hayo!" akadakia mjomba wa mchumba wangu. "Kikombe alimpa kwa mkono gani? Wa kushoto! Mke hampi mumewe kinywaji kwa kushoto."

"Wa kulia, mzee wangu."

"Kushoto! Mimi kipofu?"

Watu wa Lupiro wote wakasema kushoto. Sisi wa Ifakara wote tukasema kulia. Kwetu jambo hilo si dogo. Ukimpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto umemtukana, huhitaji kufungua mdomo. Kama alitumia kushoto, basi tangu mwanzo alimdharau, na kile kilio kilikuwa uongo.

"Mmezoea kutafuta mamba kwenye maji ya tope," kaka akawatania, "macho yamewaharibikia!"

Watu wakaangua kicheko. Mchumba wangu akacheka pia, ameshika baiskeli yake, meno yake mazuri yote nje. Halafu akasema, "Mimi mwanamke anipe kikombe hivyo mbele ya watu? Ningemchinja kabla hajafikia kisu chake. Na nani angenilaumu?"

Wenzake wakampigia makofi. Kaka hakucheka tena. "Unasema hayo, na dada yangu amesimama hapa?"

"Shemeji, kwani dada yako ana mkono mbovu?"

Kaka akampiga ngumi ya pua. Mchumba wangu akachomoa pampu ya baiskeli, akampiga nayo mdomoni, nikasikia jino linavyovunjika. Baada ya hapo sikuelewa nani anampiga nani. Miti iliyoegemezwa ghalani ikawa silaha. Mzee mmoja alipasuliwa kipaji cha uso, akawa anazungukazunguka na damu machoni akiulizia kofia yake. Mimi, mjinga, nikaingia katikati nikilia, "Acheni, ni picha tu!" Nikapigwa gongo la sikio. Mpaka leo sikio hilo husikia kwa mbali.

Wapagazi wa ghala ndio waliotutenganisha, kwa kutumwagia ndoo za maji kama mbwa waliong'ang'aniana.

Asubuhi wazee walikaa kwetu, nyuso zimevimba. Baba alikuwa amemwita mfasiri awe shahidi. Yule kijana akawasikiliza, kisha akacheka mpaka akashika ukuta.

"Wazee wangu, ninyi wa Lupiro mlikaa nyuma ya kitambaa! Nyuma kila kitu hugeuka. Alitumia mkono wa kulia."

Mjomba akaanza kucheka, na baba naye, mwisho nyumba nzima. Walioumizana wakaombana radhi, wakaoneshana majeraha. Kaka mwenyewe akacheka, damu ikamtoka tena mdomoni. Ikaanza kutajwa siku ya ndoa.

Shangazi akanifinya. "Umesikia, mwanangu? Kitambaa tu. Yamekwisha."

Kwangu yalikuwa hayajaisha. Nilipiga magoti mbele ya wazee, nikawaamkia shikamoo, nikaomba nimuulize mwenzangu neno moja. Baba alishangaa, akaruhusu.

"Jana ulisema ungemchinja. Ulikuwa unatania?"

Akanitazama kwa upole, pua imevimba. Nadhani alitaka kunifurahisha. "Usiogope. Si tumeambiwa alitumia kulia? Yule hakuwa na kosa."

"Na angekuwa nalo?"

Akamtazama mjomba wake, kama mtoto aliyeulizwa hesabu ngumu. "Mwenye kosa ni habari nyingine," akasema.

Nikawaambia wazee sitaolewa. Baba, ambaye hakuwahi kunipiga, alinyanyuka akanizaba kibao upande ule ule wa sikio bovu. Nikaanguka juu ya mkeka. Kaka akamshika mkono. "Baba, mwache. Na mimi nilisikia."

Wageni waliondoka kabla ya chakula. Yeye alisimama kidogo nje, anafuta kiti cha baiskeli kwa kiganja, akingoja labda nitoke. Nilimchungulia mlangoni nikilia, maana nilikuwa nampenda bado. Nikabaki ndani.