Mama Mabano na Friji Isiyobadilika

Shemeji yangu, mke wa kaka yangu, analipwa kuzungumza na vyombo visivyo na masikio. Hivyo ndivyo ninavyomweleza kwa watu, maana nikianza kueleza sawasawa wananikimbia. Anaandika programu kwa lugha iitwayo C. Programu hizo hukaa ndani ya vibao vidogo vya umeme, na vibao hivyo hukaa juu ya friji za dawa kuzichunga usiku na mchana. Mimi ni fundi wa friji. Friji ikiugua naitwa mimi, kibao kikiugua anaitwa yeye, na vyote viwili vikiugua pamoja tunatupiana lawama njia nzima.

Karakana yetu ni chumba kimoja nyuma ya duka la kuchapisha. Upande wangu kuna mitungi ya gesi, mabomba ya shaba na mafriji yaliyotolewa matumbo. Upande wake kuna meza, kompyuta na mwanamke asiyetaka kusemeshwa. Mama yetu alipita siku moja kutuletea chakula, akachungulia kwenye kioo cha kompyuta, akauliza kama mkwe wake anaandika au anasuka mkeka. Mabano yalikuwa yamejaa tele, ya kupinda, ya mraba, ya duara. Tangu siku hiyo akamwita Mama Mabano, na jina likamganda.

Mabano yenyewe ndiyo kazi yake. Kihisio, yaani kidude cha kupimia joto kilicho ndani ya friji, hutuma taarifa zake kwa mtindo uitwao JSON. Jina lisikutishe. Ni maandishi ya kawaida yaliyofungwa ndani ya mabano, kila kitu kimetanguliwa na jina lake: friji, ya insulini, joto, nne na nusu, mlango, umefungwa. Hata mimi nayasoma. Tabu ni kwamba C haiyasomi. Kuna lugha, ananiambia shemeji, ambazo ukizipa maandishi hayo zinakuandalia kila kitu mezani na kukunawisha mikono. C inakutupia herufi mstari mmoja na kukuacha ujijue. Inabidi utenge nafasi mwenyewe kwenye kumbukumbu, uchambue bano baada ya bano, uulize kila kilichomo ni cha aina gani kabla hujakigusa, na ukimaliza uiachie nafasi uliyoishika. Ukisahau kuiachia, kibao hujaa kidogo kidogo mpaka kinazimia. Nilimuuliza kwa nini basi anajitesa na lugha yenye roho mbaya namna hiyo. Akanionyesha kibao, kidogo kama kiberiti. Akasema humo ndani lugha kubwa haziingii hata zikivua viatu.

Mtu anayefanya kazi hiyo kila siku hawezi kubaki kama mimi na wewe. Ukimwambia shemeji akuletee ile, atakuuliza ile ipi, na ni ya nini. Ukimwambia mtu fulani ni mgonjwa, atakuuliza nani kasema. Zamani nilidhani ni maringo ya kisomo. Nimekaa naye miaka mingi nyumba moja sasa, na nasema wazi kwamba sijaona mtu mwenye subira ya kuuliza kama yeye, na wala sijaona anayemzidi kwa kunitibua.

Sasa, mama ana kisukari. Anajidunga insulini kila siku, na insulini yake hutoka kwenye duka la dawa la hospitali, ndani ya friji ileile inayochungwa na kibao cha shemeji. Mama alijivunia jambo hilo mpaka ikawa aibu. Akifika dirishani kuchukua dawa, huwatangazia waliopanga foleni kwamba mlinzi wa dawa hizo ni mkwe wake, na wasiwe na wasiwasi.

Basi sukari yake ikaanza kupanda. Kipimo cha asubuhi kilipanda, cha jioni kikapanda zaidi. Akawa na kiu isiyokatika, miguu inamuwaka, macho yanaona ukungu. Daktari akamwongezea dozi, akampa na mahubiri juu ya vitu vitamu. Dozi ikaongezwa na sukari ikaendelea kupanda. Hapo mimi na kaka tukawa askari. Nilificha kopo la sukari kwenye sanduku langu la vifaa, nikawa nanusa kikombe chake cha chai kama mbwa wa polisi. Kaka alipekua mpaka chini ya godoro. Mama aliapa kwamba hajagusa kitu, nasi tukatazamana kama watu wazima wanavyotazamana juu ya kichwa cha mtoto. Iliniuma, lakini niliogopa zaidi. Mama jirani alikatwa mguu kwa ugonjwa huohuo, na mimi ndiye niliyembeba kumshusha kwenye gari.

Mama akaacha kula pamoja nasi. Alichukua sahani yake akaenda kula chumbani, mlango umefungwa.

Jumapili moja mchana shemeji alimfuata huko na sahani yake mkononi. Nilikuwa koridoni, nikasikia. Hakumhubiria. Alimuuliza sukari ilianza kupanda lini, naye mama akajibu ilianza na chupa hizi za mwisho, zile za boksi jipya. Alimuuliza kama anazihifadhi kama zamani, anajidunga mahali palepale, kiasi kilekile. Mama akajibu kila swali. Kisha akasema, sauti yake imechoka, "Mwanangu, sijalamba hata punje."

Shemeji alitoka chumbani akiwa amekunja uso. Aliniambia nirudishe kopo la sukari jikoni. Nikamwambia asidanganyike, wagonjwa wa sukari wote ndivyo wanavyosema.

"Kama mama anasema kweli," akasema, "basi kuna kitu kingine kinachosema uongo. Na katika njia ya hiyo dawa, kinachosema ni kimoja tu, na nimekiandika mimi."

Kesho yake asubuhi, kabla sijavua koti, alikuwa ameshafungua kwenye kioo mchoro wa joto la friji ya insulini. Nilikuwa nimeuona mchoro huo na kuusifia. Mfamasia mkuu aliupenda hata akauchapisha na kuubandika ukutani, ili friji za vitengo vingine ziige mfano. Nyuzi nne na nusu, mstari umenyooka kama umepigwa rula, siku baada ya siku. Shemeji akaniuliza kama nimewahi kuona friji inayokaa hivyo.  Friji hupumua. Mota inawaka, joto linashuka; inazima, linapanda; mtu anafungua mlango, linaruka. Mimi, fundi, nimeukenulia meno mstari ambao friji yoyote hai haiwezi kuuchora.

Akaacha mchoro, akaenda kwenye taarifa zenyewe kama zinavyofika kutoka kwenye kihisio. Mabano yalikuwepo, jina la friji lilikuwepo, mlango ulikuwepo. Mahali pa joto hapakuwa na namba. Pameandikwa null, ambalo katika JSON maana yake hapa hakuna kitu. Kihisio kilikuwa kimekufa tangu wiki nyingi nyuma, na kwa uaminifu kabisa kilikuwa kinasema sina la kusema.

Namna kosa lilivyotokea ndiyo inayoniuma mpaka leo, maana lilitokana na uangalifu wake. Mwandishi mzembe wa C angechukua kilichopo bila kuuliza, na hapo pasipo na namba angeokota sifuri. Sifuri ni baridi mno kwa insulini, king'ora kingelia, na mchezo ungeishia hapo. Shemeji hakuwa mzembe. Programu yake iliuliza kwanza: wewe ni namba? Ikiwa ndiyo, iliiandika. Ikiwa siyo, iliikataa kwa adabu na kuendelea na safari, huku namba ya mwisho ya kweli ikibaki palepale. Nne na nusu. Na nne na nusu. Alijua kuuliza, ila hakuwa ameamua la kufanya akijibiwa hapana.

Alibaki akiutazama ule mstari wake. Sikuwahi kumwona hivyo. Nikampigia kaka simu, nikaiweka kwa sauti ya nje, naye akasema kwa haraka kile ambacho mimi pia nilikuwa nacho ulimini: arekebishe kimyakimya, mimi nibadilishe kihisio kama matengenezo ya kawaida, mama apewe chupa nyingine, yaishe. Mkataba wetu na hospitali ulikuwa karibu kuandikwa upya. Shemeji alimsikiliza mume wake mpaka mwisho. Kisha akamuuliza kama anadhani mama ndiye mgonjwa peke yake anayechukua dawa pale. 

Tulikwenda hospitalini, mimi na yeye. Mfamasia mkuu ni mwanamke wa sauti ndogo, na watu wanaiogopa sauti hiyo kuliko kelele za mkurugenzi. Shemeji hakuzunguka. Alimwomba afungue friji na aweke ndani kipimajoto cha kawaida, kile cha kioo. Tukasubiri. Kilipotolewa, kilisoma chini ya sifuri. Nilipiga magoti, nikahamisha maboksi ya mbele, na kule nyuma nikakuta barafu imeshika ukuta na kuukumbatia waya wa kihisio mpaka umekatika. Swichi ya kupimia baridi ilikuwa imeganda kwenye kuwaka, mota haikupumzika tena. Mfamasia akafungua boksi moja la ndani. Chupa ilikuwa jiwe; zile za mbele, zinazotolewa dirishani, ziliganda usiku na kuyeyuka mchana mlango ukifunguliwa, ndiyo maana hakuna aliyegundua. Insulini ikishaganda imekufa, na ukiiyeyusha inarudi kuwa maji tu yanayofanana na dawa. Kumbe ndiyo aliyokuwa akijidunga mama, naye anaongezewa dozi ya hayohayo.

"Kioo cha kibao kiliwaonyesha nne na nusu," shemeji akasema. "Kosa ni langu. Nataka kujua ni nani wengine wamechukua."

Mfamasia alimkaripia. Alimkaripia mbele ya wasaidizi wake wote, bila kupandisha sauti, na kila neno lilistahili. Nilitaka kumtetea, shemeji akanikanyaga mguu. Alipomaliza, mfamasia aliubandua ule mchoro ukutani, akaita wasaidizi, na wagonjwa wakaanza kupigiwa simu mmoja mmoja. Shemeji aliomba simu moja na yeye, akakaa nao kupiga. Nikamsikia akijitambulisha kwa kila mgonjwa kwamba ndiye aliyeandika programu. Hakuna aliyemwomba ajitambulishe hivyo.

Siku zilizofuata aliandika upya sehemu ile. Sasa kihisio kikisema hakuna kitu, kioo hakionyeshi namba yoyote ya zamani. Kinaandika SIJUI kwa herufi kubwa, na king'ora kinalia mpaka mtu aje. Mkurugenzi hakulipenda neno hilo, akasema chombo cha hospitali kisionekane mjinga mbele ya wageni. Mfamasia alimjibu kwamba neno libaki, na aliyeliandika abaki pia.

Lakini hayo ni ya baadaye. Jioni ile tulirudi nyumbani na chupa mpya kutoka hospitali nyingine. Njia nzima hakuna aliyemtupia mwenzake lawama. Kaka alikuwa ametutangulia, amekaa sebuleni kama mtu aliyefiwa. Shemeji alimpita, akaenda kupiga magoti mbele ya kiti cha mama, akamweleza yote bila kupamba. Kwamba dawa ilikuwa imekufa, kwamba kibao kilichokuwa kikiichunga ni chake, kwamba miguu inayomuwaka na macho yenye ukungu ni kazi ya mikono yake. Akamwomba radhi, na hapo ndipo alipolia.

Mama akainua uso. Alitutazama mimi na kaka, wanawe wa kuwazaa, tukakosa pa kuweka macho.

"Nyumba nzima iliniita mwongo," akamwambia shemeji. "Wewe ukaona heri uonekane mkosaji wewe."

Kisha akavuta kanga iliyofunika tumbo lake, na sindano yake, ambayo tangu augue hajamwachia mtu yeyote kuishika, wala daktari wala sisi, akaiweka kwenye kiganja cha mkwe wake.  Mama akaushika mkono wa shemeji kwa juu, akauongoza mpaka mahali pake, akamwambia adunge tu.