Jambazi Aliyefupika Katikati ya Sinema

Mwaka 2012 nilikuwa afisa wa mifugo Lodwar, na kazi ilinipeleka Kakuma mara kwa mara. Huko nilijuana na mkimbizi mmoja kutoka Kongo, mpiga picha za harusi kambini. Siku moja tukinywa chai akaniambia anatengeneza sinema ya ujambazi na amekosa mtu wa kuigiza mpelelezi.

"Wewe uko na tumbo ya serikali," alisema. "Utafaa."

Nilikubali kabla hajamaliza kikombe.

Hadithi yenyewe ilikuwa nyepesi. Majambazi watatu wanapanga kuiba jenereta ya hoteli. Mpango unaharibika mapema, maana jenereta ni nzito na hakuna aliyefikiria gari. Kiongozi wao aliigizwa na kijana wa Sudan Kusini, mrefu hata mlangoni aliingia kwa kuinama. Akikutazama unajiona una hatia. Nusu hiyo ya kwanza, nasema kweli, ilikuwa sinema nzuri.

Tulikuwa tumefika katikati ya mahojiano, mimi nikifoka, yeye kimya, jua likatuchwea. Asubuhi yule kijana akaja kutuaga. Safari yake ya kuhamia Australia ilikuwa imeiva.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Mwenzangu mpiga picha akamchukua mshona viatu wa jirani yake, mtu mfupi mwenye uso wa kucheka, akamvisha shati lile lile jekundu. Lilimfika magotini.

"Watu wataona," nikamwambia.

"Tutawaeleza," akajibu, akamwongezea jambazi maneno: "Bwana mpelelezi, tangu wizi ule, mawazo yamenimaliza."

Mwaka uliofuata tuliionyesha Lodwar, katika ukumbi wa kanisa. Upepo ulikuwa umemeza nusu ya mazungumzo, kwa hiyo mwenye sinema alisimama kando ya pazia akawasemea wahusika wote. Nikajiona pale juu, naanza kumhoji mshukiwa nimeinua kichwa kama anayekagua tangi la maji, namaliza nimekiinamisha kama aliyeangusha ufunguo. Ukumbi mzima ulicheka. Mke wangu alijifunika uso kwa leso. Nilitamani kutoka, lakini viti vilikuwa vimebanana. Kisha yakaja yale maneno ya mawazo, na watu wakapiga makofi hata nikasahau aibu.

Nje, mama mmoja mzee wa Kiturkana alinishika mkono, akanisalimu kwa lugha yake.

"Ejok."

"Ejok nooi, mama."

"Ile mtu mrefu, mlishika?"

"Hapana. Alienda Australia."

"Na jenereta alibeba?"

Mwenye sinema akatufikia, jasho likimtiririka, akasema ameanza kuandika nyingine na ananihitaji. Nikamtazama mke wangu.

"Mchukue tu, shemeji," alisema. "Lakini safari hii waulize kwanza nani anangojea ndege."