Halina na Nyumba ya Jumatatu

Halina Gorczyca alikuwa amesafisha nyumba za watu hapa Chicago kwa miaka kumi na tisa. Nyumba sita alizitafuta mwenyewe na bei akazipanga mwenyewe. Gari lake la kijivu lilibeba ndoo, madekio na sabuni zake. Akiumwa, mpwa wake Jola alikwenda badala yake, na hakuna aliyeuliza. Kodi ya mapato ya nyumba hizo aliilipa serikalini yote mwenyewe, maana biashara ni yake na alilijua hilo.

Nyumba ya saba ilikuwa na mambo yake. Kila Jumatatu na Alhamisi, saa mbili kamili asubuhi, alikuwa kwa Bi Aldworth wa kitongoji cha Park Ridge, mjane mwalimu wa piano. Februari moja Bi Aldworth alimpa bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi ya kodi iliyomwandika Halina kuwa mkandarasi, yaani mtu aliyejiajiri.

Halina akaipeleka kwa Tadek, mzee anayetujazia sisi Wapolandi fomu za kodi katika chumba cha nyuma cha bucha ya Kipolandi, mahali ambapo hata kalamu zinanukia soseji.

"Kwa huyu mama umekuwa kampuni lini?" Tadek aliuliza.

"Kwani mimi si kampuni? Kwenye nyumba sita mimi ndiye bosi."

"Hizo sita sawa. Nauliza hii. Dekio la nani?"

"Lake. Kila kitu chake. Ukiingia na sabuni yako anakunusa mlangoni."

"Na nani anapanga uanzie wapi?"

Halina alicheka. "Jikoni, kisha ngazi, kisha chumba cha piano. Sakafu ya jikoni ni kwa magoti, na siki. Mpaka saa nane nisionekane nimesimama bure."

"Ukimtuma Jola?"

"Nilimtuma mara moja, mgongo uliponikamata. Alimrudisha kutoka mlangoni, na theluji inaanguka."

Tadek akavua miwani. "Basi huyo ni mwajiri wako, Halina. Wakuandike mkandarasi, wakuandike askofu, karatasi haibadilishi kitu. Anayekuamulia kazi gani na ifanywe vipi ndiye mwajiri, na nusu ya kodi ya pensheni yako inamhusu. Hapa amekutwika nusu zote mbili. Nimwandikie barua?"

"Barua ya nini? Mdomo ninao."

Alhamisi alifanya kazi yake yote kama kawaida. Alipomaliza alinawa mikono, akavuta kiti cha jikoni akaketi. Hakuwa amewahi kuketi pale bila kukaribishwa. Bi Aldworth alikuwa akinywa chai na mwanawe Grant, ambaye ndiye aliyeijaza ile karatasi.

"Hii siipokei," Halina alisema, akaiweka mezani. "Mimi hapa ni mwajiriwa."

Grant alitabasamu. "Dada Halina, wasafishaji wote ni wakandarasi. Wewe mwenyewe una nyumba nyingine."

"Ninazo. Kule naingia na vitu vyangu, naanza ninapotaka, na Jola anakuja siku nisipokuwapo. Nikiwa mkandarasi hapa, basi na hapa iwe hivyo. Nitakuja Jumatano, maana Jumatatu kuna mtu ananitaka. Sakafu nitaipiga dekio, nimesimama."

Bi Aldworth akaweka kikombe chini. "Jumatano nina wanafunzi wangu wa kanisani."

"Najua, mama."

"Na yule msichana sitaki."

"Hilo pia najua."

Uso ulimwiva Bi Aldworth. "Nilidhani sisi ni kama ndugu," akasema.

"Ndugu ni ndugu, mama," Halina akajibu kwa upole. "Lakini nina miaka hamsini na nne. Nikizeeka, serikali itahesabu nilichochangiwa. Haitauliza tulikuwa tunapendana kiasi gani."

Grant alitaka kusema neno, mama yake akamwinulia mkono, kama anavyowanyamazisha wanafunzi. "Piga simu kwa mtu anayejua," akamwambia. "Sasa hivi, nikisikia."

Grant alimpigia mhasibu wa ofisini kwake. Tulisimuliwa na Halina kwamba alisikiliza kwa muda mrefu, akisema tu "aa" na "kumbe", na alipokata simu aliomba radhi bila kuzungukazunguka. Karatasi ilifutwa. Bi Aldworth akajisajili kuwa mwajiri, akalipa nusu yake ya mwaka ule na ya miaka mitatu iliyotangulia, ambayo ilikuwa haijaandikwa popote.

Halina alimfanyia kazi miaka saba zaidi, hadi nyumba ilipouzwa. Siku ya mwisho Bi Aldworth alimpa barua ya sifa, yenye tarehe aliyoanza na tarehe aliyomaliza, na chini ya sahihi ameandika kwa mkono wake: mwajiri.