Nilivyomsalimu Mama Mkwe

Mwaka ule nilipooa nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Kitale, na kwa wakwe zangu kulikuwa ng'ambo ya soko la Chwele. Ukishuka sokoni ulibakiwa na mwendo wa saa nzima kwa miguu, kijia chembamba katikati ya mahindi, ambapo watu wawili hawapishani bila mmoja kukanyaga shamba la wenyewe.

Mke wangu alikuwa ametangulia. Kabla ya kuondoka alinionya, "Ukikutana na mama njiani, ingia shambani. Usimwangalie, usimsalimu." Nilijua. Kwetu mtu na mama mkwe wake hukwepana, na kumshika mkono ni aibu ya kusimuliwa hadi kwa wajukuu.

Shida ilikuwa miwani. Niliikalia Ijumaa, na fundi akaniambia nirudi Jumatatu. Bila miwani, mtu aliye hatua kumi mbele yangu alikuwa rangi tu inayotembea.

Basi Jumamosi nikashika njia, suti ya harusi mwilini, sukari kwapani. Sijafika mbali, nikaona kitenge cha manjano kinakuja. Nikajitosa kwenye mahindi, nikachuchumaa. Kitenge kikapita kikiimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya kisichana. Nikatoka. Wa pili alikuwa mzee mwenye koti refu la mvua. Alisimama palepale nilipoingilia.

"Tumbo linauma?" akauliza.

"Ndiyo, mzee."

"Kunywa maji ya moto," akasema, akaenda zake.

Wa tatu alikuwa ng'ombe.

Kufikia hapo suti ilikuwa imejaa mbegu za kishona nguo zilizonata kutoka magotini hadi kwenye kola, na shingo iliwasha kwa majani ya mahindi. Nikasema basi. Mwalimu mzima siwezi kukimbia ng'ombe. Anayekuja anikute njiani.

Aliyekuja alikuwa mama mnene mwenye kikapu kichwani, anatembea akitazama chini. Nikamwendea kwa furaha ya mtu aliyechoka kujificha, nikaushika mkono wake kwa mikono yangu miwili, nikautikisa.

"Habari ya siku nyingi, mama! Hebu nielekeze kwa yule mzee mwenye ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi."

Mkono ukapoa ndani ya mikono yangu. Kisha nikasikia sauti niliyoisikia mara moja tu maishani, siku ya mahari, kutoka nyuma ya ukuta wa jikoni.

"Uwi! Mkwe wangu ameniua!"

Kikapu kikaanguka, viazi vitamu vikatawanyika. Yeye akaingia mahindi ya kushoto, mimi nikaingia ya kulia. Nikachuchumaa tena.

"Mwalimu," akaita mwishowe, "kwani huoni?"

"Sioni, mama. Miwani ilivunjika."

"Basi okota viazi. Mimi nimefumba macho."

Nikapiga magoti, nikaviokota kwa kupapasa. Upande wa kushoto mahindi yalikuwa yanatikisika, na hakukuwa na upepo. Mama mkwe alikuwa anacheka.

Nyumbani baba mkwe aliniketisha mbele ya ndugu zake wawili. Uso wake ulikuwa mkavu kabisa.

"Ulimshika kwa mkono mmoja au miwili?"

"Miwili, baba."

Akawaangalia ndugu zake. Wakatikisa vichwa.

"Hapo ni faini ya mablanketi mawili," akasema.

Niliyapeleka mwezi wa Desemba. Mama mkwe akayapokea, na wazee wakasema sasa tunaweza kuzungumza, ila tusikaribiane. Jioni akanisindikiza kuelekea sokoni, mimi mbele, yeye hatua ishirini nyuma, akipaza sauti kunisimulia magonjwa ya kila ng'ombe wake. Waliotupisha walidhani ananifukuza. Mwanamke mmoja akanisimamisha, akaniuliza nimeiba nini.

"Msichana wangu!" mama mkwe akajibu kutoka nyuma, kisha akaendelea na habari za ndama.