Dresa aliyekatazwa kuuona mdomo wa mama mkwe wake

Saa kumi na mbili asubuhi Cuthbert Chilumba anachemsha maji ya chumvi katika sufuria ndogo nyuma ya nyumba yake, katika kijiji cha Mtalala, nje kidogo ya Newala. Ukungu bado umeshika mikorosho. Anaepua sufuria, anaacha maji yapoe, anayaonja, anasubiri tena. Kisha ananawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, kama anavyofanya kazini, na kuuendea mlango wa nyumba ya mama mkwe wake.

Haingii. Anakohoa kwanza.

"Shikamoo, mama."

Ndani hakuna sauti ya mtu. Yanasikika makofi mawili ya taratibu, ya viganja vikavu. Hiyo ndiyo marahaba ya Bi Isabela siku hizi, kwa sababu ulimi wake umekakamaa na hauwezi tena kuitamka.

Cuthbert anainama, anaingia. Mwandishi wa makala haya anamfuata hadi kizingitini na kukwama hapo hapo, kwa sababu harufu inamzuia. Ni harufu ya nyama inayooza katika mtu ambaye bado anakutazama. Shavu la kushoto la bibi huyu limevimba na kutoboka karibu na taya. Shingoni kuna uvimbe mgumu. Macho tu ndiyo mazima, na yanamwangalia mgeni kama vile yeye ndiye wa kuonewa huruma.

"Mama, naanza," anasema dresa, akipiga magoti kando ya kitanda cha kamba.

Bibi anashusha kanga iliyofunika mdomo wake. Anaachama, lakini taya linaruhusu upana wa kidole kimoja tu. Cuthbert anachovya pamba iliyofungwa kwenye kijiti na kuanza kufuta, polepole, akimwambia kila anapokwenda: "Sasa nyuma. Sasa chini ya ulimi. Hapa patauma, mama, pole."

Msomaji wa Tanga au Dar es Salaam atauliza, kuna ajabu gani mgonjwa kuoshwa kinywa? Msomaji wa Newala na Masasi hana haja ya kuuliza. Yeye ameshashika kichwa tangu aliposikia mkwe wa kiume ameingia ndani kwa mama mkwe.

Huku juu Newala mkwe hatazamwi. Mwanamume akioa huhamia kwao mke, akajenga katika kiwanja kimoja na mama mkwe, na tangu siku hiyo wawili hao hukimbiana maisha. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani. Wakiwa na neno, hulipitisha kwa mtu wa tatu. Hawali wakaonana. Na mama mkwe hufunika mdomo kwa kanga kila mkwewe anapopita, maana mdomo ulio wazi mbele ya mkwe ni aibu.

"Ungeniuliza sura ya mama mkwe wangu," anasema Cuthbert, "ningekueleza visigino vyake." Anacheka, kisha kicheko kinamwishia ghafla.

Cuthbert ni mtu wa Lupaso, Masasi. Alifundishwa kazi na wamisheni akiwa kijana, na sasa ni dresa, mfunga vidonda, katika zahanati ndogo ya misheni, kwa mshahara wa shilingi themanini kwa mwezi. Amefunga vidonda vya nusu ya watu wa nchi hii ya juu: miguu iliyokatwa kwa shoka, watoto walioungua, waliotafunwa na fisi. Alipomwoa Ethel, binti wa Bi Isabela, alipanda kuja Newala na kujenga hatua chache kutoka kwa mama mkwe. Ameishi hapo miaka kumi na minne.

Na katika kiwanja hicho hicho donda lilianza, likakua na kula taya, yeye asilione.

Msimu uliopita wa korosho Bi Isabela alianza kula kidogo. Ethel alipomuuliza, alijibu kuwa ameungua mdomo kwa mafuta ya ganda la korosho. Nani angebisha? Kila anayebangua korosho huku ameshababuka midomo na vidole. Dawa yake ni kuvumilia, ngozi hubambuka na kupona.

"Korosho zikaisha, mama bado anasema korosho," anasimulia Ethel, ambaye wengi humwita Mama Mabel, kwa jina la binti yake mkubwa. "Nikamwambia, mama, nikamwambie Baba Mabel akupe dawa? Akanikemea. 'Unataka nimfungulie mkwe wangu mdomo? Umepata wapi adabu hiyo?' Nikaacha. Alianza kufunika mdomo kutwa nzima. Sisi tukasema mama anazidi kuwa na heshima uzeeni."

Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua, na mwandishi alikuwa tayari kuiandika methali hiyo. Lakini haimfai bibi huyu. Yeye alificha mdomo, kama alivyofunzwa na mama yake, na maradhi yakapata mahali pa kujificha.

Siku moja ya mwezi wa tatu, mvua ikiwa imekazana, Ethel alipiga ukelele. Cuthbert alidhani ni nyoka. Alichukua fimbo na kukimbilia nyumba ya mama mkwe, akasita mlangoni kama kawaida. Akamsikia mkewe akilia: "Baba Mabel, damu! Damu haikatiki!"

"Nikaingia," anasema. "Niliingia tu."

Aliona kanga imelowa na damu inatoka mdomoni kama maji ya mfereji. Alimshika kichwa, akabana kitambaa mahali palipopasuka, akakaa hivyo hivyo mpaka mkono ukafa ganzi. Damu ilipopungua ndipo akaona alichokuwa anakishika.

"Nilishtuka. Mimi! Nimezoea vidonda miaka yote. Nilisema moyoni, donda hili lina mwaka, lina zaidi ya mwaka. Nimekuwa nikitoka hapa kila asubuhi kwenda kutibu watu, na mgonjwa namwacha nyumbani."

Walimteremsha kwa machila hadi barabarani, na lori la mfanyabiashara likawafikisha hospitali ya misheni ya Ndanda. Daktari alichungulia kinywa kwa taa, akapapasa shingo, akamwita Cuthbert pembeni. Alimwambia ni saratani, pengine chanzo ni tumbaku ya kutafuna aliyoizoea tangu usichana, na imeshavuka mahali pa kukatwa. Angempa dawa ya maumivu. Mengine ni kumsafisha, kumlisha na kumfariji.

Kisha daktari akamuuliza: "Wewe ni dresa. Unaishi naye. Hukuona?"

"Ni mama mkwe wangu, bwana daktari," alijibu Cuthbert.

Daktari aliona hajajibiwa, akarudia swali. Muuguzi Dominika, mtoto wa huku huku, aliinamisha macho sakafuni. Yeye alikuwa ameelewa.

Cuthbert anasema alidhani pigo kubwa ni lile la Ndanda. Kumbe lilimngoja nyumbani. Bi Isabela alikataa kumfungulia mdomo. Alipokohoa mlangoni, makofi hayakujibu. Alipoingia, mama mkwe alijifunika gubigubi na kugeukia ukutani. Ethel alijaribu kumsafisha, lakini akagusa pabaya na damu ikatoka tena. Tangu hapo hakuthubutu. Donda likajaa uchafu, funza wakaonekana, na hata uji haukupita. Mama huyu alikuwa anakufa kwa njaa, yupo katika kiwanja kimoja na mtu ambaye kazi yake ni vidonda.

"Ethel akanipa maneno ya mama yake," anasema Cuthbert. "Alimwambia, 'Ile siku ya damu ameniona, basi imetosha. Nife na heshima iliyobaki.'"

Kijiji nacho hakikulala. Wanawake waliokuja kumjulia hali waliishia uani, pua zimefunikwa. Kisimani, kule bondeni ambako Ethel hushuka kabla ya jua kutoka, maneno yalikuwa yanamsubiri: mumewe amemvua mama mkwe nguo, ndiyo maana mgonjwa hali. Bimdogo, jirani ambaye shamba lake la muhogo linapakana na lao, alimwambia Ethel usoni: "Mama yako haugui donda, mwenzangu. Anaugua aibu ya mumeo."

Habari zikamfikia Mzee Barnaba, kaka wa Bi Isabela. Huku mjomba ndiye mwenye ukoo. Alikuja na fimbo yake na hasira yake, na Cuthbert alishapanga nguo zake, akijua atarudishwa Lupaso.

"Nilikuja kumfukuza," anakiri mzee huyo bila kupepesa macho. "Nilitaka kwanza nimwone dada yangu. Nikafika mlangoni, harufu ikanirudisha. Nikaingia kwa nguvu. Nikaona funza. Bwana wee! Dada yangu, tulilala mkeka mmoja utotoni. Nikatoka nikakaa chini uani, nikalia mbele ya watoto."

Alipomaliza kulia, Mzee Barnaba alimwita Cuthbert na kumwambia neno moja: "Lete kuku."

Mwiko wa mkwe una mlango wake. Ndoa ikishakomaa, wazee wakiridhika, mkwe huchinja kuku, na yeye na mama mkwe hukaa uso kwa uso na kumla katika sahani moja mbele ya mjomba. Wakishakula hivyo, hakuna tena kukimbiana, amekuwa mwana. Wengine hufanya mapema. Wengine, kama hawa, huahirisha kila mwaka mpaka inasahaulika, kwani nani ana haraka ya kukaa uso kwa uso na mkwe?

Cuthbert alichinja jogoo. Ethel akapika. Sahani ilipoletwa ndipo wote wakagundua kosa lao: mila inataka wale, na mama hawezi kutafuna hata wali.

"Tulitazamana kama wajinga," anasema Ethel. "Mjomba akasema, 'Mila haikuwaza hili.'"

Cuthbert alichukua mchuzi, akauchuja kwa kitambaa cha bendeji kilichochemshwa, akauacha upoe. Akaketi mkekani mbele ya kitanda, macho chini, kijiko mkononi. Mzee Barnaba akasimama na kutamka kwa Chimakonde, kisha kwa Kiswahili ili mkwe wa Lupaso asikose neno: "Isabela, huyu si mkwe tena. Umezaa wa kiume ukubwani. Ukikataa, unamkataa mwanao, si mkweo."

Ethel anasema mchuzi ulikaribia kuganda. Kisha mkono wa Bi Isabela ulitoka chini ya kanga, ukaishusha wenyewe hadi kidevuni. Alipokea kijiko cha kwanza. Nusu ilimwagika kifuani, nusu ikapita. Akapokea cha pili.

Hapo Mzee Barnaba alimgeukia Cuthbert: "Na wewe kula. Mnakula wawili."

"Paja la kuku lilinishinda," anasema Cuthbert. "Miaka kumi na minne sijawahi kutafuna mbele yake. Nikafumba macho, nikala hivyo hivyo kama kipofu. Nikasikia sauti ya ajabu. Nikafumbua macho nikidhani anakabwa. Kumbe anacheka!"

Tangu siku hiyo Bi Isabela anasafishwa asubuhi na jioni. Funza wameisha. Harufu haijaisha, na Cuthbert hamdanganyi mtu kuwa itaisha. Maziwa ya kopo yanapita, mchuzi unapita, na maziwa hayo yanakula robo ya mshahara wake. Bimdogo amerudi kuketi uani, karibu kidogo kuliko zamani. Na zahanatini, mwanamume akija na kidonda chake, dresa humuuliza kwanza kuhusu mama mkwe wake: anakula? Amefunika mdomo tangu lini? Mkeo amewahi kumtazama ndani? Wengine hukasirika. Yeye huendelea kuuliza.

Bi Isabela hajapata nafuu. Dawa ya Ndanda inampa usingizi wa muda mfupi, kisha maumivu yanamwamsha. Kilo zimemwisha. Cuthbert anajua hesabu ya ugonjwa huu, na anakiri kwamba usiku humkalia kifuani.

Mwandishi alipomuuliza anatumaini nini, hakutaja kupona. Alimtazama mkewe kwanza, kama anayeomba ruhusa.

"Mama ana ombi. Alimweleza Ethel kwa ishara na kwa yale maneno machache yanayotoka," alisema. "Anasema, 'Nimempikia mtoto huyu miaka yote, nikimwekea sahani mlangoni na kugeuka, sikuwahi kumwona akila. Sikujua kama chakula changu ni kitamu.' Sasa kila mchana Ethel ananiletea chakula hapa ndani. Nakula, yeye anatazama. Ndicho kinachomfurahisha kuliko dawa. Mbaazi zake za shambani zimeanza kuweka maua. Alizipanda mwenyewe, kinywa kikiwa kimeshaoza, sisi hatujui. Anataka anione nikila mbaazi mbichi za nazi. Ameshamwelekeza Ethel namna ya kuzipika."

Ni wiki ngapi mpaka mbaazi zikomae, Cuthbert hakutaka kuhesabu. Aliosha kijiti, akakunja kitambaa.

"Namwomba Mungu amfikishe," alisema. "Nitakula sahani nzima, macho wazi."