Mfungua Maji Asiyeitikiwa Salamu

Babu yake alichimba mitaro ya mabomba ya kwanza ya mji. Baba yake alishika koki kuu hadi alipostaafu, bila kukaripiwa hata siku moja. Katika ukoo huo wa watu wenye kujiheshimu ndimo alimotoka mzee ambaye mtaa mzima unamwita Mzee Koki.

Asubuhi hii ameinama juu ya shimo la zege. Anazungusha gurudumu la chuma kwa mikono miwili, na maji yanaelekea viwandani. Mama mmoja anapita na ndoo tupu.

"Habari za asubuhi, mama."

Mama anatazama upande wa pili.

Serikali kuu ilitaka viwanda vya nguo. Ikamteua mkurugenzi mpya wa jiji, naye akaagiza kwamba maji ya asubuhi yaende huko, mitaa isubiri jioni.

"Serikali kuu haina bomba," anasema Mzee Koki, akijifuta mikono. "Ina mkurugenzi. Mkurugenzi ana mimi."

Tangu enzi za baba yake, mfungua koki hupaza sauti mtaani: "Maji hayoo!" Siku ya kwanza ya agizo hilo, alipokwisha kuyageuza maji yaende viwandani, mwito huo ulimponyoka kwa mazoea. Watu wakatoka mbio na ndoo. Mabomba yakakoroma tu, makavu.

Dada yake, dobi anayefua asubuhi, alimjia juu mbele ya majirani.

"Kaka, umetunyima maji, sasa unatucheka?"

"Haki ya Mungu, dada, nilisahau!"

"Basi sahau na nyumba yangu!"

Tangu hapo mzee hajakanyaga kwa dada yake. Mkewe alikwisha kufariki. Anakula peke yake, redio ikizungumza badala ya wageni.

Mzee Koki havichukii viwanda. "Wajukuu zangu wanashona humo. Lakini bomba hili lina tawi dogo la kwenda mitaani. Sijui kama maji yatatosha kote. Najua tu kwamba hakuna aliyeuliza."

Wiki ijayo, madiwani watakapokutana, atasimama na sare yake ya kazi kuomba tawi hilo lifunguliwe asubuhi, hata ikibidi aachishwe kazi. Amemtumia dada yake salamu aje asikie. Hajajibiwa.

"Nanyi vijana mnaosomea kuendesha miji, nisikilizeni vizuri," anasema kwa ukali. "Agizo likifika mikononi mwenu, semeni siku hiyohiyo. Mimi nilinyamaza, na sasa mtaa umeninyamazia."